Tumbawe la Galu na Samaki wa Maji Baridi

Ijumaa ya tarehe 28 Machi 2025 niliagwa katika ukumbi wa mapokezi wa hoteli iliyoko Galu, mahali nilipofanya kazi tangu Jumatatu ya tarehe 3 Februari 1997. Ilikuwa Ramadhani, kwa hiyo niliagwa kwa keki ambayo sikuionja na juisi ambayo sikuinywa. Baada ya hotuba, Mwanaidi na Brayo, vijana wawili wanaoishika kazi yangu, waliniomba niwaandikie yale niyajuayo juu ya tangi la samaki lililo pale mapokezi. Nimekubali. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa, kwa sababu vyeo vilikuwa vichache na mishahara mnaijua. Nitaandika juu ya maji. Sehemu kubwa ya haya si habari njema, na sitajitahidi kuzipamba.

Mimi ni mzaliwa wa Gazi. Nilipokuwa mtoto sikupelekwa shule. Niliingia darasa la ngumbaru mwaka 1993, nikiwa na umri wa miaka ishirini na minane na watoto wawili, na mtihani wa darasa la nane niliufanya mwezi wa Novemba 2001, nikiwa nyuma ya msichana aliyeniita bibi kila alipoomba kifutio. Nilipita. Tangu nilipojua kusoma kalenda sijapoteza tarehe hata moja, na mtaniwia radhi ikiwa humu tarehe zitakuwa nyingi. Wengine walizipata bure utotoni. Mimi zangu nilizitafuta.

Niliajiriwa kwanza upande wa dobi, kufua mashuka na taulo. Tangi lilikuwapo tayari, limejengwa katika kabati la mbao pale mapokezi, urefu wake kama meza ya watu wanne. Kwa wageni lilionekana kubwa. Kwa viumbe vya bahari ni dogo mno, na jambo hili ndilo la kwanza ninalotaka mlishike. Katika maji mengi kosa huchelewa kudhuru, na mtu hupata nafasi ya kulirekebisha. Katika maji machache, kosa la asubuhi huwa limekwisha kufanya kazi yake kabla ya adhuhuri.

Mwezi wa Agosti 1999 mtunzaji wa tangi aliomba msaidizi wa kufuta vioo, nikatolewa dobi nikapelekwa kwake. Nilitarajia kumkuta mtu mzima. Nilimkuta Nassoro, kijana wa miaka ishirini na miwili aliyewahi kuzamia samaki wa mapambo upande wa Msambweni, mwembamba, mwenye ulimi mkali. Kabla hajanijulia hali aliushika mkono wangu akaunusa.

"Una sabuni," akasema. "Nenda kanawe maji matupu, urudi, ninuse tena. Hawa hawafuliwi, dobi."

Nilinawa mara tatu siku ile. Mara ya tatu aliridhika, akanionyesha ndoo mbili nyeupe zilizokuwa na mfuniko, akaniambia kwamba ikiwa sabuni itazigusa hata mara moja, nizichukue nyumbani nikafulie, zisirudi tena. Ndoo hizo zilipochakaa tulinunua nyingine, lakini sheria ni ileile mpaka leo. Kazi yenyewe alinifunza kwa namna hiyo, kwa kunikejeli. Alinifunza kuteka maji bahari ikiwa imejaa na kuacha kuteka baada ya mvua kubwa, maana maji ya mtoni huwa yameingia. Alinifunza kwamba maji yakipungua kwa kukauka tunaongeza maji ya mvua, wala si ya bahari, kwa kuwa chumvi haikauki. Ukungu wa kijani juu ya kioo tuliukwangua kwa kadi za zamani za kufungulia vyumba. Hadi leo sijaona chombo kinachozishinda kadi hizo, na nashangaa kwamba hoteli huzitupa.

Palikuwa na jambo la salamu. Kwa desturi yetu Nassoro ndiye aliyepaswa kuniamkia, maana nilimzidi kwa miaka kumi na miwili. Siku ya kwanza hakuniamkia. Siku ya pili nilimkumbusha.

"Nje ya geti, shikamoo utaipata," akanijibu. "Humu ndani mimi ndiye mwalimu, na mwalimu hamwamkii mwanafunzi."

Nilimwambia kwamba na mimi simwamkii mtoto. Nje ya geti sikuipata vilevile, kwa sababu kila jioni alihakikisha anatokea mlango wa jikoni. Basi tukaishi hivyo. Asubuhi nilipoingia nilikwenda kwenye kipimajoto, nikataja digrii nilizoziona. Naye alikuja, akaangalia, akazitaja tena. "Ishirini na sita." "Ishirini na sita." Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yetu, na wahudumu wa mapokezi walitucheka sana.

Tumbawe lenyewe lilikuja mwezi wa Machi 2003. Nanga ya mashua ya starehe ilikuwa imevunja matumbawe kwenye mwamba wa mbele ya Galu, na Nassoro akakiokota kipande kimoja katika vifusi. Meneja wa wakati ule aliomba kibali, tukaruhusiwa kukitunza. Kilikuwa ukubwa wa kiganja cha mtoto, cha matawi, rangi ya hudhurungi na ncha za zambarau. Tulikigandisha juu ya jiwe kwa gundi ya mafundi wa mabomba.

Kwa kuwa wageni wengi huuliza, na wafanyakazi wengi hujibu wasichokijua, nitaeleza tumbawe ni nini. Si jiwe wala si mmea. Ni wanyama wadogo wengi waliojenga nyumba moja ya chokaa, na ndani ya miili yao hukaa mimea midogo isiyoonekana kwa jicho, ambayo huwalisha na kuwapa rangi. Maji yakibadilika ghafla, yawe ya moto au ya baridi, wanyama wale huitema mimea yao. Ndipo tumbawe linapogeuka jeupe. Likiwa jeupe halijafa bado, lakini lina njaa, na njaa ile ikiendelea halirudi. Nassoro alikuwa amelishuhudia jambo hilo baharini mwaka 1998, maji yalipopata joto na mwamba wa Galu ukageuka mweupe. Alisema ilikuwa kama kuogelea juu ya makaburi yaliyopakwa chokaa upya. Mengine yalirudi. Mengi hayakurudi.

Kipande chetu kilikua polepole. Kwa mwaka mzima kiliongezeka kama urefu wa kidole. Ilipofika mwaka 2010 kilikuwa kimetanda kama sinia la watu wanne, na samaki wetu wa hapahapa, wale wadogo wa buluu, walilala ndani ya matawi yake. Tuliliweka katika digrii ishirini na sita. Hapo ndipo marehemu mume wangu anapoingia katika habari hizi.

Salimu alikuwa fundi wa jenereta wa hoteli hiyohiyo. Stima ilipopotea, jenereta ililisha jikoni, taa na vyumba vya baridi, lakini tangi halikuwamo katika hesabu ya mtu yeyote. Salimu alivuta waya wake mwenyewe, kutoka chumba cha jenereta, kupitia juu ya dari ya ghala, mpaka nyuma ya kabati la tangi. Waya ule haukuwa wa kupendeza. Lakini kila stima ilipokatika, pampu zilinyamaza kwa muda wa kuvuta pumzi, kisha zikaendelea. Wafanyakazi wenzangu walipata maua kutoka kwa waume zao, au hawakupata kitu. Mimi nilipata waya, na sikuwahi kumwonea gere mwenye maua.

Salimu alifariki tarehe 9 Juni 2011. Nilikaa eda kama inavyopasa, miezi minne na siku kumi, sikutoka. Nassoro hakuja kukaa nami kwa maneno ya kufariji, hayo hayakuwa yake. Alinitumia ujumbe wa simu kila asubuhi, na ndani ya ujumbe palikuwa na tarakimu tu: 26. Siku moja aliandika 27, na nusu saa baadaye 26. Binti yangu Mwanasha aliuliza ni nani huyu anayemtumia hesabu mwanamke aliye edani. Nikamwambia ni mwalimu wangu.

Mwaka 2014 Nassoro aliacha kazi, akajiunga na kikundi cha wanawake na vijana wanaopanda matumbawe upya baharini, upande wa Msambweni. Hufunga vipande hai juu ya vyuma na kamba, kisha huvitazama vikikua. Siku yake ya mwisho aliniachia kipimajoto chake cha kioo, akasema: "Usilifue." Nikabaki na tangi peke yangu.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kawaida hadi mapokezi yalipofanyiwa ukarabati mwaka 2019. Mapambo mapya hayakutaka waya kuonekana, na waya wa Salimu ukakatwa ukatolewa. Niliambiwa soketi ya tangi itaunganishwa na jenereta mpya. Mafundi walipomaliza, soketi ile haikuwa imeunganishwa. Niliuliza. Nikauliza tena. Kisha ukaja mwaka 2020, hoteli ikafungwa kwa sababu ya ugonjwa, na sisi wachache tuliobaki tulikuwa na mengine ya kuuliza. Stima ilipopotea siku hizo nilifunika tangi kwa shuka lililoloweshwa maji, nikayakoroga maji kwa mkono yapate hewa. Tumbawe liliishi.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kunyamaza. Mwanzoni mwa mwaka 2024 bahari yetu ilipata joto tena. Mwezi wa Mei Nassoro alikuja kuniona. Hakutaja digrii. Alikaa kwenye ngazi ya nyuma ya mapokezi, akaniambia kwamba mwamba ule wa Galu, mama wa tumbawe letu, umekwisha. Alikuwa ameuzunguka wote hakuona tawi hai la aina ile.

"Lililobaki ni lako," akasema.

Alitaka vipande ishirini. Kipande cha urefu wa kidole kwa kila chuma, na kutoka hivyo vingine, na vingine, mpaka mwamba uwe na mbegu tena. Lakini haikuwezekana wakati ule. Bahari ilikuwa bado ina joto, na kusi ilikuwa inaanza kuchafua maji, mzamiaji asingeweza kufunga kitu kikakaa. Tukapatana iwe mwezi wa Oktoba, bahari ikitulia. Meneja wetu, Bwana Athumani, alikubali bila kinyongo. Alitaka tu tumbawe libaki zima mpaka wakati huo, kwa ajili ya wageni wa Julai na Agosti. Nilihesabu miezi, nikaona si mingi. Nilikuwa nimelitunza miaka ishirini na mmoja.

Mwezi wa Julai walikuja samaki wekundu. Bwana Athumani aliwanunua kwa mfanyabiashara wa Nairobi ili kuyapa mapokezi uhai mpya. Walikuwa sita, kila mmoja urefu wa kidole cha mwisho, wekundu kama pilipili mbivu, na mistari ya buluu iliyong'aa kama wino mbichi. Sijawahi kuona samaki wazuri kama wale, na nasema hivyo ingawa nawachukia. Aliyewauza alisema wanakaa na matumbawe bila matata. Kwa upande mmoja alisema kweli, maana hawali matumbawe. Hakusema wametoka bahari gani.

Walipoingia katika digrii zetu ishirini na sita walichangamka mno. Walikwenda huku na huku, walikula kila nilichowapa, wageni wakasongamana kuwatazama, na Bwana Athumani akaninong'oneza kwamba samaki wamefurahi. Mimi nilitazama mashavu yao. Yalipiga haraka kama ya mtu aliyepanda ngazi na mtungi kichwani, nao walikuwa wamesimama. Katika wiki ya tatu wawili walikufa, wanene, bila kidonda.

Ndipo mgeni mmoja, mama wa makamo kutoka nchi ya baridi, aliposimama mbele ya tangi na kikombe chake cha chai akatikisa kichwa. Aliwahi kuwafuga kwao. Akaniambia kwamba hawa ni wa bahari baridi, digrii kumi na saba au kumi na nane, na kwamba katika maji ya moto hawafurahi, bali wanaishi upesi. Maneno hayo niliyaelewa mara moja. Maisha ambayo yangeenea miaka walikuwa wanayamaliza kwa wiki, na sisi tulikuwa tunawapigia makofi.

Nilikwenda ofisini. Nilimwomba Bwana Athumani moja kati ya mawili: samaki warudishwe Nairobi, au wanunuliwe tangi lao. Alinisikiliza vizuri, kwa sababu ni mtu wa adabu. Aliyewauza hapokei marejesho. Nafasi ya tangi la pili haipo. Picha za samaki zilikuwa zimekwisha kupelekwa kwa mawakala wa wageni. Kisha akavuta kiti chake mbele, nami nikajua kinachokuja. Bwana Athumani ni wa Msambweni, na kwao ni nyumba ya suluhu. Watu wenye ugomvi wa shamba au wa ndoa huwaendea babake na ami zake, na hawaondoki mpaka kila mmoja amelegeza kidogo.

"Tumbawe lataka ngapi?" akaniuliza.

"Ishirini na sita."

"Na samaki?"

"Kumi na saba. Kumi na nane."

Akachora mstari juu ya meza kwa kidole, akaweka kidole katikati. "Basi kila upande ulegeze. Ishirini na mbili."

"Hawa si watu wa kulegezana, Bwana Athumani."

"Mama Mwanasha," akasema kwa upole, "ndugu waliotoleana mapanga kwa mnazi mmoja nimewakalisha mkeka mmoja wakala pilau. Sembuse samaki."

Sikucheka, lakini nilikubali. Msidhani nilikubali kwa kuogopa. Nilikubali kwa sababu na mimi nimelelewa hivyo. Katika mitaa yetu, anayekataa suluhu huonekana ana roho mbaya, na nusu ya kila kitu huhesabiwa kuwa haki. Nimeona mirathi ikitatuliwa hivyo, na mahari, na mipaka. Suluhu ya katikati hutufaa kwa kuwa sisi tuna ulimi: anayeumia husema, na jambo likafunguliwa upya. Tumbawe halisemi. Katika ishirini na mbili samaki wa baridi bado yu motoni, na tumbawe la Galu tayari linatetemeka. Tulikuwa tumetafuta mahali pamoja ambapo wote wawili watakufa, tena polepole kiasi cha kutufanya tudhani tumefaulu.

Nilimpigia simu Nassoro nikitaka tukate vipande mara moja. Alisema kusi imechachamaa, hawezi kuzamia, nivumilie. Nilikata kipande kimoja kwa siri nikakiweka katika beseni kwenye chumba cha pampu. Pale hapana mwanga wala mkondo wa maji, kikaoza ndani ya wiki. Sikuthubutu kukata kingine.

Mashine ya kupoza maji ililetwa, ikawekwa ndani ya kabati chini ya tangi. Shikeni jambo hili pia. Mashine hiyo haitengenezi baridi. Huchukua joto la maji na kulitema hewani. Ukiifungia kabatini, hewa ya kabati huwa tanuri, na tanuri liko chini ya tangi. Nilitoa milango ya kabati, nikaambiwa sauti ni kubwa, nikairudisha nikaiacha wazi kiasi. Kila nikitoka, mtu aliifunga.

Mwezi wa Agosti stima ilipotea mara nyingi. Soketi ya tangi ilikuwa bado haijaunganishwa na jenereta. Mashine ikizimika, hewa ya pwani iliyapandisha maji hadi ishirini na saba. Stima ikirudi, mashine, ambayo ilikuwa na nguvu, iliyavuta tena hadi ishirini na mbili. Hivyo hata suluhu yenyewe hatukuipata. Tulipata kupanda na kushuka. Matawi yalianza kujikunyata, wanyama wake hawakujitokeza tena usiku, na zile ncha za zambarau zikafifia. Nassoro aliandika katika simu: "Ngapi?" Nikamjibu: 22. Alijua maana ya tarakimu ile kuliko mtu yeyote.

Jumamosi ya tarehe 14 Septemba palikuwa na arusi ya wageni ufukweni, na mapokezi yalipambwa kwa vitambaa vyeupe. Nilipofika kazini nilikuta milango ya kabati imefungwa, na utepe mpana wa satini umezungushwa na kufungwa kwa fundo la maua. Mashine ilikuwa imejizima kwa joto. Kipimajoto kilisoma ishirini na tisa. Nilichukua mkasi wa mapokezi.

"Mama, usikate," mpambaji akaniwahi. "Kelele ya hiyo friji itaingia kwenye video."

Nilimwambia kwamba si friji. Nikakata utepe. Nikaweka chupa za barafu katika maji, zikaelea kati ya samaki. Baadaye, nikiwa nimekwenda kuswali adhuhuri, chupa ziliondolewa na milango ikafungwa tena, kwa sababu bibi arusi alitaka kupigwa picha pale. Sikumlaumu. Alikuwa na siku moja. Jioni watu walipotoka mashine ikawashwa, na kulipokucha maji yalikuwa ishirini na mbili, kama tulivyopatana. Samaki watatu kati ya wanne walikuwa wamekwisha kufa. Tumbawe lilianza kuwa jeupe kutoka kwenye shina, likaendelea tawi kwa tawi, na kabla ya mwezi kwisha lilikuwa jeupe lote.

Nilijaribu nilichokijua. Nilipunguza mwanga. Nililisha tumbawe kwa bomba la sindano, tone kwa tone, kama mtu amlishavyo mgonjwa uji. Nilimwomba Bwana Athumani turudi kwenye ishirini na sita, akaniruhusu papo hapo, naye alikuwa na huzuni ya kweli. Aliniuliza kama kuna wa kumwomba radhi. Nikarudi kwenye bomba langu. Mwanzoni mwa Oktoba ukungu wa kijani ulianza kushika kwenye matawi. Ukungu haushiki juu ya kilicho hai.

Alibaki samaki mwekundu mmoja. Wale wadogo wa buluu nilikuwa nimewarudisha baharini, na kwa kuwa hapakuwa tena na wa kuumia, nilishusha maji hadi kumi na saba, Bwana Athumani akatoa milango ya kabati kabisa, na fundi akaunganisha soketi na jenereta. Kazi ya saa moja. Samaki yule alitulia. Mashavu yake yakapiga taratibu. Alifanya makao yake katika lile tumbawe jeupe, ambalo nilikuwa nimelisugua ukungu, na wageni wakalipenda kuliko zamani. Wanalipiga picha. Mmoja alisema sasa linapendeza, zamani lilikuwa na rangi ya matope. Wengine huuliza kama ni la plastiki.

Siku nilipoagwa samaki alikuwa hai. Mwekeni katika kumi na saba, wala msimletee mwenzake mpaka mjue atokako. Katika hewa yetu, kioo cha maji baridi hutoka jasho mchana kutwa kwa nje. Kifuteni kila saa kwa kitambaa kisicho na sabuni, la sivyo hamtaona kitu. Mtu akiwaambia kwamba viumbe wawili wanaweza kukutana katikati, mwulizeni kila mmoja anaanzia kufa wapi. Ikiwa mipaka ya digrii zao haigusani, nunueni matangi mawili au msinunue samaki. Hamtasikilizwa. Mimi sikusikilizwa, na mimi ndiye niliyekubali. Semeni hata hivyo.

Siku moja nimeiruka, nami si mtu wa kuruka tarehe. Ni Jumapili ya tarehe 13 Oktoba 2024. Bahari ilikuwa imetulia kama alivyosema. Nassoro aliingia kwa mlango wa mbele wa mapokezi, mvi zimemwingia kidevuni, na ndoo nyeupe yenye mfuniko mkononi. Ndani yake palikuwa na maji ya bahari aliyoyateka asubuhi ile, ya kusafirishia vipande. Wenzake wa kikundi walikuwa wamekwisha kuandaa vyuma ishirini na kamba zake. Habari yangu ya mwisho aliyokuwa nayo ni ile ya ishirini na mbili, na alikuja na ndoo.

Kioo kilikuwa na jasho. Alikifuta kwa kiganja chake, akainama akatazama. Nilisimama kando yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa tusi, tena nilikuwa nimelichagua kabla hajafika: dobi, umelifua. Lilikuwa jeupe kweli kama shuka la hoteli. Lau angelisema, ningejua la kumjibu. Au angesoma kipimajoto, akataja kumi na saba, nami ningetaja kumi na saba.

Yule samaki mwekundu alitokeza kichwa kati ya matawi, akarudi ndani. Nassoro alisimama wima, akaiweka ndoo chini, akajifuta kiganja chake kwenye shati. Tulikuwa ndani ya geti. Kwa miaka ishirini na mitano hakuwahi.

"Shikamoo, mama," akasema.

Nikaitikia marahaba.

Akaiinua ndoo, akatoka kwa mlango aliouingilia. Maji yale aliyamwaga baharini mwenyewe. Nilimwona kutoka dirishani akiyamwaga polepole, kana kwamba yalikuwa na kitu ndani yake.